Maharage Mawili ya Mama Mkubwa

Wazo la maharage lilikuwa langu. Nalisema mapema kabisa, mtu asije akadhani natafuta wa kumtupia lawama. Mradi haukunituma, msimamizi hakunishauri. Ni mimi mwenyewe, muuguzi wa zahanati, mtu mzima mwenye akili zangu timamu, niliyelileta, nikapigiwa makofi, na kichwa kikavimba.

Mradi ulitufikia masika yalipokwisha. Ulitaka kujua wanawake wa Mbulu na Hanang wanateseka kiasi gani na misuli ya nyonga, ile ya chini inayoshikilia kibofu na kizazi. Misuli hiyo ikilegea kwa uzazi, kwa uchungu wa siku mbili nyumbani, kwa mizigo ya kuni na ndoo za maji, mkojo unatoka wenyewe, au kizazi kinashuka mpaka kinatokeza nje. Mimi nimeyaeleza hayo kwa pumzi moja. Kwetu mwanamke anaweza kuishi nayo miaka thelathini asimwambie mtu. Anaacha tu kwenda jumuiya, anaacha harusi, akija msibani anakaa karibu na mlango, na watu wanasema siku hizi ana maringo.

Chombo chetu kilikuwa dodoso. Je, mkojo unakutoka unapokohoa au unapocheka? Je, unahisi au unaona kitu kinachotoka chini? Kila ukijibu ndiyo, swali linalofuata ni lilelile: linakusumbua kiasi gani? Halinisumbui, kidogo, wastani, sana. Ukijumlisha majibu hayo unapata alama za mwanamke. Na alama zilikuwa na maana kubwa, maana madaktari bingwa walikuwa wanakuja kuweka kambi ya wiki moja hospitalini, upasuaji bure, vitanda tisa. Wilaya mbili, vitanda tisa. Wenye alama za juu kabisa ndio wangelala kwenye vitanda hivyo. Hospitali ya rufaa ni mbali, na kwa familia zetu ni ndoto, kwa hiyo asiyepata kitanda kile alijua anarudi nyumbani na mzigo wake.

Tulianzia kijiji cha Daudi, Mbulu. Loo, nilitoka jasho na baridi ile yote! Nilitafsiri kwa Kiiraqw nikachoka. "Wastani" ilinishinda, "sana" na "kidogo" zikawa kitu kimoja. Namuuliza mama, linakusumbua kiasi gani? Anajibu, linasumbua. Kidogo au sana? Linasumbua. Bibi mmoja akanikata kauli, akasema, "Mwanangu, wewe unataka nikupimie kwa debe?" Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Jioni nikiwa njiani kurudi nikawaza: kweli, kwa nini wasipime?

Kesho yake nikaja na bakuli la bati lenye maharage kumi, na kisahani kitupu. Maelezo yangu yalikuwa mepesi. "Mama, chukua maharage kadiri tatizo hili linavyokusumbua, uweke kwenye kisahani. Kama halikusumbui, usichukue. Likiwa limekuzidi kabisa, chukua yote kumi." Mimi nahesabu, naandika, narudisha bakulini, namwita anayefuata. Hakuna tena wastani. Watu wanane wakawa wanakwisha kabla ya chai. Msimamizi wetu, mwanaume mpole wa mjini asiyeachana na kishikwambi chake, alilipiga picha lile bakuli. Alisema huo ndio ubunifu unaotakiwa, akaagiza timu zote zitumie. Mwenzenu nilitembea siku tatu kama nimevaa viatu vipya.

Tukateremka Hanang. Siku ya mnada Katesh tulipanga viti nyuma ya ofisi ya kijiji, na akina mama wa Kibarbaig waliokuja na mifugo wakawa wanapita mmoja mmoja, mkalimani akiwa pembeni yangu. Alikuja mwanamke kijana, mtoto mgongoni. Wenzake wote walioolewa walivaa ile sketi yao ya ngozi. Yeye alijifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine. Nililiona hilo, sikuuliza, dodoso halikuwa na swali la nguo. Nilipomsogezea bakuli hakusubiri mkalimani amalize. Alizoa maharage yote kwa mikono miwili, akayamwaga kwenye kisahani, akauliza kama kuna mengine. Wote tulicheka. Moyoni nikasema, hee, huyu hakufundishwa kwao. Nikaandika kumi.

Kama ningekuwa na akili, ningelisimamisha zoezi palepale. Wazo lile la kumwona hana adabu lilitosha kunishtua. Lakini nilikuwa na haraka, na nilikuwa najipenda.

Wiki iliyofuata tukapanda Maretadu, ambako nilikulia kwa mama mkubwa. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na dada yake huyu akaniingiza katika watoto wake sita, nikawa wa saba. Ni yeye aliyenilea, akanisomesha kwa maharage na mahindi ya shamba lake, na ni yeye aliyenifinya. Alikuwa na vidole vya kufinya, yule mama! Tulikula sahani moja watoto wote, na ole wake atakayechota tonge kubwa au kuwahi mboga. Unachota kidogo, unasubiri mwenzako, unaangalia nani hajafika. Aliyekuwa shambani anaachiwa. Mgeni akipita anaachiwa. Nilifinywa paja mpaka nikajua.

Alikuja zahanati asubuhi na shuka lake begani, akakaa kwenye benchi na wenzake. Wanawake saba walikuwa nyuma yake. Zamu yake ilipofika nilimwamkia, akaitikia marahaba, na tukawa kazini. Nilidhani atanionea haya, mimi mtoto wake. Wapi! Alijibu kama anayeulizwa habari za ng'ombe. Mkojo unatoka? Unatoka. Ukikohoa? Hata nisipokohoa. Kuna kitu kinachotoka chini? Kipo. Sikuwahi kujua. Nikamsogezea bakuli. Alilitazama, akageuka akautazama mlango, kisha akachukua maharage mawili. Swali jingine, mawili. Jingine, moja. Mwisho akalisukuma bakuli kwangu kwa upole, akasema, "Yanatosha."

Mnajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nalisema hili na uso wangu unawaka. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba lipo lakini halimsumbui, ni la uzee, ni dogo. Nikaandika mbili, mbili, moja. Alipokuwa anatoka nikamwambia Jumapili nitakuja kula kwake.

Orodha ya vitanda ilipotoka, hakuwemo. Sikushangaa.

Jumapili sikwenda, nilikuwa zamu. Nilikwenda Jumapili ya pili, na nilimkuta ndani, jambo lisilo la kawaida kwake saa nne asubuhi. Alikuwa ameteleza na mzigo wa majani ya ng'ombe, panga likamkata pajani. Amejifunga kitambaa, hataki zahanati. Nikamwambia, mama mkubwa, mimi ndiyo zahanati yenyewe, lala nikuone. Alikataa. Nikakazana. Akakataa tena, na akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwake, kama mtu anayeomba. Lakini mimi nilikuwa muuguzi, sikuwa na habari. Nikafunua kanga.

Jeraha la panga lilikuwa dogo. Nililolikuta juu yake ndilo lililonikalisha chini. Kizazi kilikuwa nje, chote, kimekauka kama kisigino na kina kidonda upande mmoja. Mapaja yalikuwa mekundu kwa mkojo, ngozi imechubuka juu ya makovu ya zamani. Alikuwa amejifunga vipande vya shuka kuukuu, na kamba ya kukishikilia. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi hii, na sikuwahi kuona hali kama ile.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu yule wa nne."

Wa nne ni mwalimu sasa, ana watoto wawili wanaosoma sekondari.

"Mama mkubwa, mbona pale zahanati ulichukua maharage mawili?"

Alinishangaa. Kweli alinishangaa, kama niliyemuuliza kwa nini anapika ugali kwa moto. "Nyuma yangu walikuwepo wanawake saba," akasema. "Bakuli lina maharage kumi. Ulitaka nichukue ngapi?"

"Lakini yalikuwa yanarudi! Kila mmoja alikuta kumi!"

"Mimi ningeyaonaje yakirudi? Niliingia, nikakuta bakuli, nikachukua langu, nikawaachia wenzangu. Si ndivyo nilivyokufundisha?"

Nikapandisha sauti, Mungu anisamehe, nilimpandishia sauti yule mama akiwa amelala vile. Nikamwambia yale yalikuwa ya kuhesabia tu, si ya kugawana. Akauliza, kuhesabia nini? Nikasema nani apate kitanda, nani atibiwe. Akauliza vitanda vilikuwa vingapi. Nikasema tisa.

"Na wanawake tuliohojiwa?"

Nikaanza kumsafisha jeraha la panga.

"Basi mimi nilikosea wapi?" akasema. "Si kweli nikichukua mimi mwingine anakosa?"

Usiku ule sikulala, na sina haja ya kuueleza. Asubuhi nilifungua madaftari yangu ya kazi. Daudi, Maretadu, vijiji vyote vya juu: wanawake wazima, mbili, tatu, moja, mbili. Niliwahi kuziona hizo namba nikasema wanawake wa huku ni jasiri. Ujinga ulioje! Aliyelelewa vizuri alichukua kidogo. Aliyekuwa na wengi nyuma yake kwenye benchi alichukua kidogo zaidi, na wale wa mwisho, ambao hawakuona mtu nyuma yao, wakachukua sita, saba. Sikuwa nimepima maradhi ya mtu yeyote. Nilikuwa nimepima malezi, na nikawapeleka kitandani wale waliofinywa kidogo.

Nilimfuata msimamizi. Kambi ilikuwa inaanza kesho yake. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia, hata alivua miwani. Akasema takwimu zimeshapelekwa, mfumo umefungwa, na orodha imeidhinishwa na watu wa juu yake. Akasema hilo la maharage litaandikwa kwenye ripoti, sehemu ya changamoto. Nikamuuliza, na mama mkubwa wangu naye aandikwe sehemu ya changamoto? Akainamisha kichwa. Kisha akasema, kama kuna mmoja kati ya wale tisa hatafika, atajaribu kumwingiza.

Nilishikilia neno hilo. Nitasema ukweli kuhusu jinsi nilivyolishikilia. Niliomba mvua ikate barabara. Niliomba mume mmoja agome, mtoto mmoja augue homa, ili mwanamke fulani nisiyemjua ashindwe kufika. Nilikaa kwenye ngazi za wodi tangu saa kumi na mbili asubuhi nikiwahesabu wakiingia, na kila aliyeingia nilimchukia.

Wa kwanza kufika alikuwa yule wa Katesh, na kanga zake mbili. Nikasema moyoni, huyu. Huyu hana kitu, huyu alizoa tu, nikimbana atakubali kwamba lake ni dogo, na kitanda kitabaki. Nikamwita pembeni na mkalimani wa hospitali. Nikamuuliza kwa ukali, kwa nini ulichukua yote?

Akajibu bila kunikwepa. Uchungu wa mtoto wa kwanza ulikaa siku tatu, mtoto akatoka amekufa, na tangu hapo mkojo haujakauka hata saa moja, amelala au amesimama. Huyu wa mgongoni si wake, ni wa mke mwenzake. Ile sketi ya ngozi ameivua mwenyewe, kwa sababu ni vazi la heshima na halipaswi kuchafuliwa, na mke aliyeolewa akionekana bila sketi yake watu hawaulizi mara mbili, wanajua ana kasoro. Wanawake wenzake hawamwiti tena kwenye mikutano yao. Alitoka nyumbani na giza akatembea mpaka barabarani, kwa sababu kwenye gari watu wangemsikia harufu, na alitaka apate muda wa kujisafisha kabla ya kupanda.

"Ulisema tuchukue kadiri linavyosumbua," akaniambia kupitia mkalimani. "Hata kumi hayakutosha."

Nilikwenda nikajifungia chooni nikalia. Sikuwa na mtu wa kumwondoa. Wote tisa walifika, na hata mmoja hakuwa amedanganya. Yeye peke yake alinielewa nilivyotaka kueleweka, na mimi nilimwona hana adabu.

Kambi ikaisha. Madaktari wakapiga picha na wauguzi, nami nikiwemo, wakaondoka. Nilimuuliza mmoja kama watarudi mwakani. Alikuwa mama wa makamo, mpole. Alisema fedha za mradi zilikuwa za awamu moja, na awamu imekwisha. Akaniuliza kwa nini, nikasema nauliza tu. Ripoti nayo ilitoka, na picha ya bakuli langu iko kwenye jalada lake.

Ilibidi nimwambie mama mkubwa. Nilikuwa nimemwahidi siku ile ya jeraha kwamba nitapigana, na alikuwa anasubiri majibu. Nilipanda bodaboda mchana, njia nzima nikipanga maneno. Nitasema hivi, kisha hivi, kisha nitampa dawa ya kidonda na vitambaa safi nilivyomletea. Nilimkuta uani, amesimama kama kawaida yake. Sasa nilijua kwa nini hakai.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wenzangu wamemaliza?"

"Wamemaliza."

"Wote tisa?"

"Wote tisa. Wamefanyiwa, wamerudi kwao."

"Ashukuriwe Mungu," akasema, na alimaanisha. Uso wake ulifunguka. Akanishika mkono, akaniingiza ndani, akafunga mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda polepole, upande mmoja. "Haya. Sasa wameshapata, simnyang'anyi mtu. Niulize sasa, nitakuambia vizuri."

Nilifungua mdomo nimkatize. Aliniwahi.

Alisema. Yeye ambaye nimeishi naye tangu utoto sijamsikia akilalamika kuumwa jino, alisema. Kwamba anakwenda shambani kabla ya watu wote kwa sababu kila baada ya mistari michache ni lazima achuchumae akirudishe kwa mkono. Kwamba akienda haja analia. Kwamba hanywi maji tangu asubuhi mpaka jua lizame. Kwamba baba mkubwa alihamia kitanda kingine wakiwa bado vijana, hakumtukana, hakumpiga, alihama tu, na hawakuzungumza neno lolote juu yake mpaka alipomzika. Kwamba siku ya mazishi, katikati ya kulia, alijisikia ameshusha pumzi, kwa sababu sasa hakuna atakayemnusa usiku, na dhambi hiyo hajaiungama mpaka leo. Kwamba anatamani kukaa kanisani katikati ya watu, kwenye benchi, mara moja. Aliyasema hayo kwa mpangilio, bila kulia, kama aliyekuwa ameyaweka tayari siku nyingi.

Kisha akanitazama mikono. "Mbona huandiki?"

Nilikuwa na daftari la kliniki kwenye mkoba. Nikalitoa. Nikaandika yote, naye akanisubiri, akarudia pale nilipoonekana kuchelewa. Kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri kuliko wote nilionao. Nilipofunga daftari akauliza madaktari watakuja lini.

Nikamwambia, karibuni.

Wiki iliyopita nilipopanda tena nilikuta amefunga mfuko wa kulazwa: kanga mbili zilizofuliwa, sabuni, kikombe, sahani, na gauni lake la kanisani la kurudia nyumbani. Ameuning'iniza nyuma ya mlango ili gari likija asicheleweshe watu. Amemwomba jirani amkamulie ng'ombe siku hizo. Aliniuliza kama gauni linafaa au achukue jepesi zaidi. Nikasema linafaa. Sijamwambia.